Mdomo Tuliouacha Ukimenya Ndizi

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya ua wa shule. Mama yangu, Kwamboka, alisimama nyuma ya ua ule huko Ekerenyo, mwaka wa sitini na saba. Akamwona mwalimu mkuu anakuja, akageuka akarudi nyumbani. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha la darasa la saba.

Nitakuambia alikuja kufanya nini, mwanangu, maana nasikia Moraa wako naye hasemi darasani.

Mimi nilikuwa hivyo. Hesabu nilizijua kabla chaki haijatoka ubaoni, lakini nikisimamishwa, ulimi unakauka. Mwalimu mkuu alikuwa Onchwari. Jina lake nalitaja kwa kuwa hakuwahi kuniomba radhi. Yeye aliwachagua wa kufanya mtihani wa mwisho kwa kuwauliza kwa mdomo. Niliposhindwa kujibu akafungua daftari langu, akakuta hesabu zote kumi ni sahihi.

"Umeiga kwa Ombati," akasema.

Ombati, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa amekosa saba. Hata hivyo darasa lilicheka, na jina langu likaachwa nje ya orodha ya kupelekwa Kisii.

Basi mama alikuja kunisemea. Lakini Onchwari alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wake, na kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya mkwe akabishana naye. Hiyo ndiyo ensoni, haya iliyo sheria. Baba naye, namtaja pia, alisema, "Mwalimu ndiye anajua," akaenda zake kwenye shamba la chai.

Na mimi nijitaje. Nilikuwa nalala kwa nyanya Bosibori, mama yake baba, kama wajukuu wa kike tulivyolala zamani. Kila jioni, akimenya ndizi, aliniuliza kwa utani wa nyanya na mjukuu, "Mke mwenzangu, shule inasemaje?" Nami, "Nzuri," naye akainuka na ndizi zake. Wiki tatu hivyo. Kwa nyanya hakuna ensoni, mjukuu anamwambia hata ya aibu. Hakuna kilichonifunga ila mimi mwenyewe.

Nyanya alikuja kuyasikia kisimani, kwa watu. Akashika fimbo yake akaenda shuleni, nami nyuma yake nikimweleza yote, kwa kuchelewa. Onchwari alikuwa shemeji yake, mtu ambaye nyanya ndiye alimfuta kamasi utotoni.

"Wewe Onchwari, hizo saba ambazo Ombati hakuzijua, mtoto wangu aliziiga kwa nani? Kwa mbuzi wako?"

Walimu waliinama wakificha meno. Onchwari alitazama viatu vyake.

"Shemeji, orodha ilikwenda jana."

Tulirudi hadi tukavuka mto. Hapo ndipo nyanya aliposimama akanigeukia.

"Mama yako amefungwa na ensoni. Mimi nani alinifunga? Mlikuwa na mdomo nyumbani, mkauacha ukimenya ndizi."

Baba alikataa nirudie darasa. Mwaka uliofuata nilikuwa nachuma chai, halafu nikaolewa Nyansiongo, nikakamua ng'ombe. Ombati, aliyejua kujibu kwa mdomo, alifanya mtihani ule akaanguka. Nimejaribu kumsikitikia, sijaweza.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usimfundishe Moraa kupiga kelele, kelele si akili. Nenda wewe umsemee, tena uende kabla orodha haijatoka mezani, na daftari lake mkononi. Kama mwalimu ni mtu usiyeweza kumkabili, mtafute anayeweza na umtume siku hiyo hiyo. Hata kama mmekosana, mtume. Na jioni mtoto akikujibu "nzuri", usiinuke. Kaa hapo, endelea kumenya ndizi zako, mpaka aseme neno la pili. Nyanya alinipenda, lakini hilo la pili hakulingoja.

Mungu anayemsikia hata asiyesema amfungulie Moraa mlango uliofungwa mbele yangu, na wewe akufikishe pale uani mapema, usigeuke.