Mjumbe Kati ya Nta na Tambi

Baba yangu ni mtu mwema. Naanza hivyo ili asije mtu akasema sikumsifu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi za ofisi moja kubwa, akiwa opareta wa simu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyetukanwa kupitia kwake. Mkurugenzi akifoka, "Mwambie huyo mjinga asinipigie tena!", Baba alibonyeza kitufe na kusema kwa sauti laini, "Mkurugenzi yuko kikaoni, ila amekusalimia sana." Wajinga wangapi walikwenda kulala wakiamini wanapendwa na mkurugenzi, Mungu ndiye ajuaye. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani isiyotembea, naye akaishukuru mpaka waliomnunulia wakaanza kujisifu.

Mtu wa namna hiyo akistaafu unatarajia apumzike. Baba alifika nyumbani akakuta kazi ileile inamsubiri, safari hii bila mshahara. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaunganisha Mama na Shangazi, wanaoishi nyumba moja, wanaokula meza moja, na ambao kwa miaka miwili mizima hawakusemeshana hata neno.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfungia kamba za viatu hadi darasa la tatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Nasema alikuwa, ingawa yeye mwenyewe hana habari kwamba aliacha. Alipostaafu bila mume wala mtoto, Baba alikwenda kumchukua na mizigo yake, akampa chumba cha nyuma, akamwambia, "Dada, hapa ni kwako." Mama alimpokea kwa mikono miwili, na mwaka wa kwanza mawifi hao walipendana mpaka wakatuchosha. Hata kwenda sokoni walikwenda wameshikana mikono.

Kilichowagombanisha ni mshumaa. Mama alikuwa ameanza kutengeneza mishumaa ya manukato jikoni, na siku alipopata mmoja ambao kwa maoni yake ulikuwa wa kuuzwa hata kwa mfalme, aliuwasha sebuleni mbele ya majirani wawili. Majirani wakasema "Ooh", kama wanavyosema majirani waliokaribishwa chai. Shangazi alisubiri saa moja na nusu, akauzunguka, akauinamia, kisha akatoa daftari na kalamu nyekundu. "Nne kwa kumi," akatangaza. "Utambi mnene mno, umeota kichwa cha uyoga. Glasi ina masizi mdomoni. Rudia."

Mama alimgeukia Baba. "Mwambie dada yako ahsante kwa maksi zake."

"Mwambie mke wako karibu," Shangazi akajibu.

Ndivyo Baba alivyorudi kazini.

Ajabu ni kwamba hawakuacha kufanya kazi pamoja. Shangazi alikuwa amesema kweli na Mama alijua, jambo lililomuuma zaidi. Wiki iliyofuata alituma ujumbe kwamba anayejua sana tambi basi tambi azishike yeye. Wakagawana nyumba. Mama akabaki jikoni na sufuria yake ndani ya sufuria ya maji, mizani, kipimajoto na chupa za manukato. Shangazi akajifungia chumba cha nyuma na tambi za pamba zilizosukwa, namba moja, nyembamba kuliko zote, hadi namba nane, kila namba kwenye bahasha yake, pamoja na rula na lile daftari. Kati yao kuna ukumbi wa hatua tisa. Baba alizitembea hizo hatua tisa kutwa, na miguu yake ikapata afya ambayo daktari alikuwa amemshauri bure kwa miaka kumi.

Kwa asiyejua mambo haya nitaeleza kwa kifupi, maana mimi nimeelezwa kwa kirefu. Nta ya parafini inayeyuka upesi na inarusha harufu vizuri, ila ina masizi. Nta ya soya ni ya upole, haichafui ukuta, lakini ni nzito, inataka utambi mnene zaidi wa kuivuta. Manukato nayo yana kiasi. Asilimia sita unasikia harufu, asilimia kumi unaisikia hadi nje, na ukizidisha hapo nta inashindwa kuyabeba, mshumaa unatoka jasho la mafuta, utambi unaziba. Ukigusa kimoja lazima umwambie aliyeshika kingine. Ni kazi ya watu wanaoongea, kwa hiyo bila shaka ikaangukia kwa hawa wawili.

Mambo yalikwenda hivyohivyo, kwa kubahatisha, mpaka ilipokuja oda ya mishumaa sitini ya nyumba mpya ya kulala wageni. Mwenye nyumba alimwambia Mama anataka soya tupu, kwa sababu kuta zake ni nyeupe, na alitaka aone sampuli tatu zikiwaka kabla ya kukubali. Wiki hiyohiyo, Baba akimpelekea chai, Shangazi alimwambia kwamba atahamia kwa mwalimu mwenzake wa zamani, mji wa mbali, siku mbili kwa basi. "Nimekaa vya kutosha kwenye nyumba ya watu wasionitaka. Sampuli zikishakubaliwa, nitamkatia mkeo tambi zote sitini, niende zangu."

Mimi nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, na lebo za mishumaa yao nazichapa mimi. Baba alinifuata huko, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Mzee wa miaka sitini na sita, mbele ya mashine ya fotokopi, na wateja wamepanga foleni na vitambulisho vyao.

"Akiondoka huyu," akasema, "nani mwingine aliyenijua nikiwa mtoto?"

Nilimpa karatasi afute machozi, maana kitambaa sikuwa nacho. "Baba, waache waongee wenyewe."

Alinitazama kana kwamba nimemshauri awape visu. "Wataumizana, mwanangu. Wewe huwajui. Mimi ndiye ninayesikia wanayosema."

Basi akaongeza juhudi. Alimpelekea Mama habari ya kuhama, na jibu la Mama akalirudisha chumba cha nyuma. Jibu hilo alilifikishaje, hakuna aliyejua wakati ule. Tulichoona ni kwamba siku ya pili yake Shangazi alianza kupanga vitabu vyake kwenye maboksi, na Mama alianza kupiga masufuria kwa kelele zisizohitajika katika mapishi yoyote. Baba alituhakikishia kwamba mambo yanatulia.

Kisha zikaja namba. Mama alimwita na mwiko mkononi. "Mwambie dada yako sasa ni soya tupu, tena natia manukato ya yasmini asilimia kumi. Vile viuzi vyake namba tatu vya parafini asithubutu kuniletea, ataniaibisha mbele ya mteja."

Baba alipiga hatua zake tisa na kufika na haya: "Dada, wifi yako amebadilisha mchanganyiko kidogo. Na tambi zako anazipenda sana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, Dada."

Shangazi, ambaye kwa miaka thelathini na tano alifundisha watoto kwamba kidogo si namba, alitia shaka. "Mwambie mke wako hii ni namba tatu. Asivuke asilimia sita. Akivuka mshumaa utajizamisha wenyewe, na nitampa sifuri, si nne tena."

Hatua tisa za kurudi. "Wifi yako anasema harufu uliyochagua ni tamu sana. Anakutakia kazi njema."

Mama alishusha mwiko. Kwa miaka miwili hakuwahi kusifiwa na mwanamke yule. "Amesema hivyo? Basi kumbe inapendeza. Niongeze, iwe kumi na mbili." Mambo haya yote niliyapata baadaye, vipande vipande, kutoka kwa kila mhusika. Siku yenyewe niliona wazee watatu wakifanya kazi kwa bidii, nikasema mashallah, nikaenda kuchapa lebo.

Mishumaa ya soya lazima ipumzike wiki mbili kabla ya kuwashwa, la sivyo harufu haishiki. Kwa hiyo hakuna aliyeijaribu. Wiki mbili zilipotimia, Jumamosi saa tisa alasiri, akaja mwenye nyumba ya wageni, mama mwenye miwani kichwani na simu mbili mkononi. Glasi tatu zilikuwa mezani, juu ya kila moja kuna matone ya mafuta. Baba alikuwa ameyaona mapema, akayafuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, yakatoka tena.

Mama akawasha. Kwa dakika kumi ilikuwa fahari tupu. Kisha miali ikaanza kunywea, ikawa midogo kama njegere, huku mafuta yakijaa kuizunguka. Dakika ya ishirini wa kwanza ukazima. Baba akauwasha. Wa pili ukazima. Wa tatu ukatapatapa, ukatoa uzi mwembamba wa moshi, ukafa mbele ya macho ya mteja, macho ambayo wakati huo yalikuwa yanatiririka machozi. Yasmini kwa asilimia kumi na mbili si ua tena, ni adhabu. Yule mama alipiga chafya mara nne, akashusha miwani, akakusanya simu zake na kusema, "Nitawapigia." Kila mtu mzima anajua maana ya neno hilo. Hajapiga hadi leo.

Baba alimsindikiza, akafunga mlango taratibu, akatugeukia. "Amefurahi sana," akasema.

Hapo ndipo lilipopasuka.

"Mwambie mke wako aseme ametia manukato kiasi gani humu," Shangazi alisema, akiwa amekaa kiti kinachogusana na cha Mama.

"Mwambie dada yako kumi na mbili, si ndivyo alivyosifia mwenyewe?"

"Nani amesifia?" Shangazi aligeuka akamtazama usoni. "Mimi? Mimi nilisema usivuke sita!"

Nikaangalia saa ya simu yangu. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Miaka miwili ya kutosemeshana imekwisha na hakuna aliyegundua ila mimi na Baba, na Baba alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Sita? Mimi niliambiwa harufu ni tamu na kazi njema!"

"Kazi njema? Lini mimi nimemtakia mtu kazi njema?" Shangazi akanyanyuka, akaja na daftari. Kumbe kila ujumbe ulioletwa kwake aliuandika, na tarehe, kwa kalamu nyekundu. Akaanza kusoma. "Tarehe tisa. Wifi asema anazipenda sana tambi."

"Nilisema viuzi!"

"Tarehe ishirini na moja, mwezi ule mwingine. Wifi asema nipumzike, nisijichoshe."

"Nilisema aache kunikatia tambi zilizopinda, kama macho yamechoka avae miwani!"

"Zilikuwa zimepinda kweli," Shangazi akakiri, akageuza ukurasa. Niseme ukweli, nilianza kufurahi. Walikuwa wanagombana vizuri, kwa raha, kama watu waliokosa chumvi muda mrefu. Nilimkasirikia Baba na nikamwonea huruma papo hapo, amesimama na birika la chai mikononi, akifungua mdomo kila mmoja alipoanza kusema, bila kupata nafasi.

Kisha Shangazi akafika ukurasa mmoja, akauwekea kidole. Alipousoma, alisoma polepole, bila kumtazama mtu. "Tarehe mbili. Nimesema nahama. Wifi asema nijisikie huru kabisa. Hatanizuia."

Uso wa Mama ulibadilika, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa.

"Ulimwambia hivyo?" akamuuliza Baba.

"Niliondoa yale maneno makali tu," Baba akasema kwa sauti yake ya opareta. "Dada ni mkubwa. Yasingefaa."

"Wifi." Mama aligeuza kiti chake kizima. "Mimi nilisema hivi, na nilikuwa na mwiko mkononi: mwambie huyo mwanamke akithubutu kuondoka kwenye nyumba hii, nitapanda basi nimfuate siku zote mbili, nimrudishe nimemvuta sikio. Ndivyo nilivyosema. Nani mwingine atanipa nne kwa kumi mpaka nikose usingizi? Hawa wote wananiambia 'Ooh'."

Baba alikuwa ameondoa matusi yote, kwa adabu, moja baada ya jingine. Ameondoa basi, ameondoa mwiko, ameondoa sikio, na baada ya kuyaondoa hakikubaki kitu ila ruhusa ya kuondoka.

Shangazi ni mkubwa kwa Mama kwa miaka kumi na mmoja. Katika maisha yake hakuna mtu aliyethubutu kumtaja masikio. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Ungenivuta sikio?"

"Mpaka kituo cha basi. Mbele za watu."

"Dada," Baba akaingilia, "alichokuwa anamaanisha ni kwamba..."

"Nyamaza wewe mtoto," Shangazi akasema. "Nimemsikia mwenyewe."

Jioni ile, kabla ya giza, alikwenda ukumbini akampigia mwalimu mwenzake. Huwa anaongea na simu kwa sauti ya darasani, hivyo sote tulisikia. Alisema chumba wampe mtu mwingine, yeye haji tena. Upande wa pili nadhani waliuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Shangazi akajibu. Akatutazama kupitia mlango, mmoja mmoja, kidevu juu. "Nimekatazwa."