Nilivyomsingizia Neema

Jumapili, 14 Novemba 1954. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri mpaka saa tatu, kisha jua likatoka kali, na njia zote za Kikwajuni tope tupu.

Leo nimejifedhehesha mbele ya kanisa zima na nusu ya mtaa, na ninaandika uso ukiwa bado moto, kwa sababu najijua, nikingoja mpaka kesho nitaanza kujitetea.

Mambo yalianza wiki tatu nyuma. Watoto ishirini na wawili wa kanisa letu la mjini, binti yetu Anna akiwa mmoja wao, walikuwa wapokee komunio ya kwanza, na baada ya misa wale pilau pamoja na wazazi, na mimi Filipo, karani wa ghala la karafuu (darasa la sita, lakini mwandiko wangu husifiwa), nikapewa kazi moja tu: kutafuta mpishi. Basi Jumapili ile ile Padre akahubiri kwamba mtu haokolewi kwa juhudi zake bali kwa neema, nami nikatoka kanisani mwepesi kama niliyetuliwa gunia (Padre hakusema neema hutafuta wapishi, hilo niliongeza mwenyewe), na kila mke wangu Magdalena aliponiuliza, "Baba Anna, ushasema na mpishi?" nilimjibu kwa upole wa kitakatifu, "Mama Anna, usihangaike na mambo ya dunia." Jumatano nikakutana na Mzee Stefano, mkubwa wa halmashauri yetu, akaniuliza chakula kimefikia wapi.

"Mzee, mimi nnategemea neema tu."

Akafikiri kidogo. "Neema atatosha peke yake? Watu wengi wale!"

Hapa ndipo ninapotamani kujipiga kofi. Mzee Stefano ni mtu wa Nyasa, alifika Unguja mtu mzima, na mimi mzaliwa wa hapa nimezoea kumcheka moyoni kwa ngeli zake, kwa hiyo "atatosha" nikaiona ni kosa lake la kila siku. Nikamsahihisha kiungwana: "Inatosha, Mzee. Inatosha kwa wote."

"Vizuri. Hata mimi namsifu sana," akasema, akaenda zake. Nikaona mzee huyu imani anayo, ila Kiswahili ndicho kinachomshinda.

Nilisahau (au nilijisahaulisha, sina hakika) kwamba nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Bi Neema, mjane, Mwislamu, mpishi wa harusi anayejulikana Ng'ambo nzima. Mwezi uliopita alikuja kuniomba nimwandikie barua mwanawe aliye Mombasa, nikamwambia nina shughuli za kanisa. Shughuli yenyewe ilikuwa kulala.

Basi leo misa ikaisha. Watoto walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu jana usiku, kama sheria inavyotaka kabla ya komunio. Wakakaa mikekani uani na nguo zao nyeupe, wakanawa mikono, mikono ikakauka, wakanawa tena. Mimi nilikuwa karibu na Padre nikitazama lango. Nilitazamia nini, sijui; pengine kunguru waje na masinia kama kwa nabii Eliya, lakini kunguru wa Unguja huchukua, hawaleti. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mzee Stefano akasimama katikati ya uwa akapaza sauti:

"Neema ametuangusha!"

Padre, mzungu mpole, akageuka. "Mzee Stefano, neema haimwangushi mtu."

"Ametuangusha, Padre! Huyu akipata harusi hatukumbuki!"

"Neema... akipata harusi?" akauliza Padre, na mama mmoja kule nyuma akaangua kicheko.

Ndipo nilipofahamu. Ilikuwa niseme pale pale, nami nikanyamaza. Mzee Stefano akanishika mkono, "Twende kwake, Filipo, ukanishuhudie," na wazazi wanane wakatufuata, na njia nzima wanamwita Bi Neema mwongo, hana haya, hana huruma na watoto wa watu, na mimi ninayejua ukweli naitikia, "Hm." (Nijitendee haki: pale Mnazi Mmoja nilifungua mdomo, lakini ikapita baiskeli.)

Tukamkuta uani na sufuria mbili kubwa za pilau, anapika hitima ya mama yake iliyokuwa isomwe alasiri.

"Bi Neema," akaanza Mzee Stefano bila hata salamu, "watoto wetu wanalia njaa na wewe unapikia wengine! Si uliahidi?"

"Nliahidi nini mie? Nani kanambia?"

"Karani Filipo kasema anakutegemea wewe."

Akanitazama, mwiko mkononi. "Karani. Kuniandikia barua huna nafasi, kunitegemea unayo?"

Nikasema. "Bi Neema hakuambiwa kitu. Niliposema neema, nilikuwa na maana ya... ya Mungu."

"Ya Mungu," akasema Bi Neema. "Na huyo Mungu ulimpelekea mchele?"

Mzee Stefano akavua kofia. "Nisamehe, mama, nimekukosea." Kisha akanigeukia mimi: "Na ngeli ukanisahihisha!"

Bi Neema akafunua sufuria. "Mama yangu hakuwahi kumrudisha mtoto na njaa. Pakueni hii, mie ntabandika nyengine, alasiri bado. Ila Karani achukue sinia kichwani mwenyewe, na sufuria aje anisugulie."

Yakatoka masinia tisa, langu la mbele, kanzu yangu ya misa imejaa tope mpaka magotini. Pale kwenye wanywa kahawa habari zilikuwa zimeshanitangulia.

"Karani Filipo! Leo umekuwa hamali?"

"Mpisheni, bwana, kabeba neema!"

Watoto wakala wakashiba. Padre akauliza chakula kimetoka wapi.

"Kwa Neema, Padre," akasema Mzee Stefano, akinitazama mimi.

"Imetosha?"

"Ametosha."

Nimefikiri, na naona mahubiri ya Padre yalikuwa kweli: nimepewa nisichostahili, tena na mtu niliyekaa kimya akitukanwa kwa ajili yangu. Uongo ulikuwa wangu, wa kuita neema ule uvivu. Sitalitamka tena neno hilo mikono yangu ikiwa mitupu.

Baada ya hitima nilikwenda kusugua sufuria, kisha nikakaa barazani kwa Bi Neema nikaandika barua ya Mombasa, kurasa tatu. Nilipojaribu kutengeneza sentensi moja akaniambia, "Andika nnavyosema."

Jioni tumekula ukoko aliotupa Bi Neema, kwa chai ya rangi. Anna amesema ni mtamu kuliko pilau lenyewe. Mimi Magdalena alinipakulia ule ulioungua.