Mpeleke kwa Rafiki Kumi

Nafundisha kompyuta hapa Ibra, Omani, na kila darasa jipya hulianzisha kwa somo moja: kabla hujatuma kitu, jiulize kama utaweza kukirudisha. Wanafunzi hucheka. Siwalaumu, maana hata mimi sikuwahi kujiuliza.

Shangazi yangu akiuza udi kila Jumatano katika soko la wanawake. Aliuchanganya vile alivyofunzwa Unguja na dada yake mkubwa, aliyefariki huko kabla ya kuolewa. Picha ya huyo dada ilikuwa moja tu: kichwa wazi, nywele zimesukwa, ameinamia chetezo kinachofuka moshi. Shangazi aliihifadhi sandukuni, ndani ya kanga, na pembe zake zilikwishaanza kuliwa na mchwa.

Mtandao ulikuwa bado mgeni kwetu, ukipitia laini ya simu, na mtu akipiga simu nyumbani ukurasa unakatika. Nikamtengenezea tovuti. Nilimweleza taratibu, kama ninavyomweleza kila mtu: maagizo yatafikaje kutoka Maskati, nani atayajibu. Nikamwomba ile picha niiweke kwenye kompyuta.

"Iweke, mwanangu," akasema. "Humo haitoliwa na mchwa."

Sikutambua kwamba kwake kompyuta ilikuwa sanduku jingine tu, la chumbani kwangu.

Kisha nikabuni kampeni, na niliionea fahari sana. Ukiituma picha ile kwa rafiki kumi kwa barua pepe, tunakuletea kopo dogo la udi bure. Hesabu yake nyepesi: mmoja huzaa kumi, kumi huzaa mia. Maagizo yakaja kutoka Sur, Nizwa, hata Dubai.

"Ati Dubai hawana udi?" shangazi akauliza, akicheka.

Mwaka wa pili alikwenda harusini Sur. Huko msichana mmoja akamwonyesha simu yake mpya, yenye kioo cha rangi. "Mtazame bibi wa udi. Si mzuri? Kanitumia kaka yangu."

Asubuhi yake shangazi akaingia kwangu, hata buibui hajavua.

"Marehemu alinipa picha ile siku ilipopigwa," akasema. "Akaniambia, mdogo wangu, asiione mwanamume asiye wetu. Nikamwahidi. Sasa yumo kwenye simu ngapi?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui? Si wewe uliyempeleka?"

"Nilimpeleka kwa watu. Nao wakampeleka kwa watu."

"Basi mwite arudi."

Niliifuta tovuti mbele ya macho yake. Ndipo nikamweleza nililopaswa kumweleza mwanzo: ninachofuta ni nakala yangu tu, za wengine mkono wangu hauzifikii. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mwanafunzi mzuri.

"Yaani tumemtoa nje," akasema, "na mlango umefungwa nyuma yake."

Udi hakuuchanganya tena. Kila Alkhamisi baada ya alasiri alikuja kukaa kando yangu, nami nikimtafuta dada yake. Nilipompata nilimwandikia mwenye ukurasa kumwomba amwondoe. Wengine waliridhia, wengi hawakujibu. Tulimkuta kwenye tangazo la manukato, tukamkuta kwenye jukwaa la mapishi, na kila mara ameinamia chetezo kile kile, kama mtu anayesikiliza iwapo ameitwa. Nilianza kuogopa kufungua kurasa.

Alkhamisi moja tulimwona mahali ambapo mtu tusiyemjua amemweka kama bibi yake mwenyewe, marehemu. Chini yake watu wamejaza dua kwa Kiarabu. Nikamsomea shangazi zote.

"Wamemwombea kwa jina gani?"

"Jina la mwengine."

Aliweka kidole chake juu ya kioo, penye nywele zile zilizosukwa.

"Huyo usimwandikie leo," akasema. "Mola anamjua wanayemwombea. Lakini wengine endelea kuwatafuta."

Shangazi hayupo tena. Kila Alkhamisi baada ya alasiri nafungua kompyuta, nikitumai nisimkute, na namkuta.