Kilio Kisichokuwa Kitabuni

Iko siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku ambayo mwalimu mmoja wa Kiswahili alikuja soko la Kibuye, hapa Kisumu, na bunda la karatasi za mtihani kwapani. Alisimama mbele ya kibanda changu cha mitumba, akaniangalia usoni kwa muda, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye yule mama aliyelia?" Nikatabasamu. Nilidhani amekuja kunipongeza.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukanipotea njiani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Asubuhi niliuza blauzi na makoti pale Kibuye, na alasiri nilifanya mazoezi ya kuigiza na kikundi chetu katika ukumbi wa kanisa huko Nyamasaria. Tuliigiza popote tulipoitwa. Mkutano wa chifu, tunawafundisha watu kulala ndani ya neti. Harusi, tunawachekesha wageni chakula kikichelewa. Redio ikitaka sauti ya nyanya mkali wa kutangaza sabuni, naitwa mimi, na sikuwa hata nimeolewa. Lakini ugali wetu hasa ulitoka mashuleni. Wanafunzi wa kidato cha nne wana tamthilia ya kusoma kwa ajili ya mtihani, na sisi tuliizungusha shule baada ya shule, kuanzia hapa mjini mpaka Ahero na Bondo, ili waione ikitembea kwa miguu yake. Mavazi yalitoka kibandani kwangu. Mteja akinunua koti la mkuu wa wazee wa mchezo wetu siku ya Ijumaa, basi Jumamosi mkuu wa wazee alikata kesi akiwa amevaa sweta la kike, na alikata vizuri tu.

Tamthilia ya mwaka ule ilihusu mama mjane ambaye mwanawe wa pekee anasingiziwa kwamba amechoma ghala la kijiji. Mwishoni wazee wanamfukuza kijana, aende na asirudi tena. Kitabu kilisema hivi: mama anavua leso yake, anamfunika mwanawe mabegani, anaondoka bila neno. Pazia. Kijana aliigizwa na Owino, fundi wa viatu kutoka Kondele. Mama nilikuwa mimi.

Sasa niambie, mwanangu. Mwanamke wa kwetu achukuliwe mtoto, kisha anyamaze? Kwetu msiba hutangazwa kwa nduru, kile kilio kirefu ambacho kikipigwa boma moja, watu wa boma la tano wanaacha majembe shambani. Nilikuwa nimekisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na nilijua kukipiga. Basi siku moja, katika shule ya wasichana ya bweni, nilipofika mahali pa kuondoka miguu ikakataa. Nduru ikanitoka. Wasichana ukumbi mzima wakalia pamoja nami, kisha wakapiga makofi mpaka nikahisi sakafu inatikisika.

Baada ya hapo nani angenizuia? Shule iliyofuata nililia tena. Nikarefusha. Nikaongeza kujitupa chini, nikaongeza kuvua kitambaa cha kichwa, nikaongeza kumwita marehemu mume wangu aje aone, na mume mwenyewe kitabu hakikumpa hata jina. Nilimpa mimi. Kichwa kilinivimba hata nikaanza kuwahurumia wenzangu, kwamba wao watu huwapigia makofi ya kawaida tu.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Huyo ni Mama Nyambura, mshika kitabu wetu. Alikuwa ametoka milimani, upande wa Nyeri, zamani na mumewe, wakafungua duka la vitambaa mjini Kisumu, na huyo mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kazi yake kikundini ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na miwani yake, kitabu wazi mapajani, na ukisahau anakunong'onezea. Ni kazi isiyopigiwa makofi na mtu yeyote. Mara ya kwanza aliniita kando, akaniambia kwa upole, "Perez, hapo mwisho mama halii."

"Lakini Mama, watu wanapenda," nikamwambia.

Mara ya pili alisema mbele ya kikundi, kwenye mazoezi. Hapo nikaona ananiaibisha. Nikamjibu, "Mama Nyambura, nyinyi watu wa milimani hamjui kulia. Hiyo kazi tuachieni sisi." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote. Yeye alirekebisha miwani, akafungua ukurasa mwingine. Naona aibu kukusimulia hapo, lakini nikiparuka nitakuwa nakudanganya.

Sasa rudi nami Kibuye, kwa yule mwalimu.

Aliziweka karatasi zake juu ya blauzi zangu. Akanieleza kwamba ametoka kwenye ile shule ya bweni nilikoanzia kulia, na kwamba wasichana wake wamefanya mtihani wa majaribio. Kulikuwa na swali moja: kwa nini mama anaondoka bila kusema neno? Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika habari za kilio. Wengine walitaja mpaka jina la yule mume wangu wa kubuni. Akavuta karatasi moja, akanisomea: "Swali hili lina makosa. Mama alilia sana mpaka akaanguka chini. Nilimwona."

"Huyu anaitwa Quinter," akasema. "Ndiye wangu wa kwanza kwa Kiswahili. Kitabu kule kwetu ni kimoja kwa wasichana sita, madam, na zamu yake ya kukisoma ilikuwa bado. Kwa hivyo alikuamini wewe."

Nilianza kukunja blauzi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Mtihani wenyewe ni wiki tatu zijazo," akaendelea. "Nimewaambia darasani kwamba kwenye kitabu mama hakulia, lakini wananiangalia tu. Walikuona na macho yao. Sijakuja kugombana na wewe. Uliigiza vizuri sana, na hiyo ndiyo shida."

Angenitukana ningejua cha kumjibu. Alipoondoka nilifunga kibanda, jua likiwa bado juu na wateja wakiwa bado wanapita, nikaenda kwa miguu mpaka dukani kwa Mama Nyambura. Nilimkuta anakata kitambaa. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, haraka haraka, nikitarajia aniambie kwamba alinionya. Hakusema hivyo. Aliweka makasi chini.

"Ulikuja kwa mazishi ya mzee wangu?" akaniuliza.

"Nilikuja, Mama."

"Uliniona nikilia?"

"Hapana."

"Hata wewe uliona. Soko lote liliongea. Eti huyu mama hana roho, eti amefurahi kubakia na duka." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta. "Mimi chozi halitokangi mbele ya watu, Perez. Niliumbwa hivyo. Sasa mtu akaandika kitabu, akaweka ndani mwanamke kama mimi. Nilifurahi sana kumwona mahali. Kila siku nilikuwa nangojea huo ukurasa. Halafu wewe ukamfukuza."

Hapo mwanangu nililia, na safari hii haikuwa nduru. Ilikuwa kamasi tupu. Nikamwomba msamaha, nikarudia, nikarudia tena, mpaka akanivutia kigoda na kunimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi. "Haya, hapa lia tu," akasema. "Hapa hakuna mtihani." Nikacheka na chai ikanipalia. Kwenye mazoezi ya kesho yake niliomba msamaha tena, mbele ya wale wote waliokuwa wamecheka, maana nilikuwa nimemvunjia heshima mbele yao na si dukani kwake.

Jumatano tulirudi kwenye ile shule, watatu tu, Owino, Mama Nyambura na mimi. Hatukuwa na pazia wala taa wala mkuu wa wazee. Mwalimu aliwakusanya wasichana wa kidato cha nne ndani ya bwalo baada ya masomo, meza zikasukumwa ukutani, harufu ya maharagwe ikiwa bado imejaa. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kujificha, Mama Nyambura aliketi mbele ya wote, kitabu mapajani, akasoma maagizo ya ukurasa wa mwisho kwa sauti yake ndogo.

Nilivua leso. Nilimfunika Owino mabegani. Nilimtazama, na nduru ikapanda kutoka tumboni, ikafika kooni, ikasimama pale. Sijawahi kubeba kitu kizito kama hicho. Wasichana walikuwa wanaingoja. Wengine walikuwa tayari wameshika vitambaa vyao. Nikaigeuzia mgongo hamu yao na hamu yangu, nikatembea mpaka mlangoni. Hatua kama ishirini hivi, lakini nilizihisi kama njia ya kutoka hapa mpaka Ahero.

Hakuna aliyepiga makofi. Hata mmoja. Nilisimama nje karibu na kuni za jikoni, nikajiambia, basi Perez, umekwisha, umewaboesha watoto wa watu. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu ndani: "Haya. Kwa nini ameondoka bila kusema neno?"

Halafu kiti kikaburutwa sakafuni.

"Mwalimu, mimi naona hivi." Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu anayefikiri huku akisema. "Akilia, sisi wote tutamwangalia yeye. Ile siku ingine nilimwangalia yeye tu. Hata sikumbuki huyo kijana alikuwa amesimama wapi. Leo nimemwona."

"Keti, Quinter," mwalimu akasema, na nikasikia amefurahi.

Owino alinifuata nje, leso yangu bado i mabegani mwake. Kijana yule alikuwa amefukuzwa kijijini shule baada ya shule, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na mimi sikuwahi kumuuliza anaonekanaje. Aliniangalia akacheka polepole. "Perez," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza nimefukuzwa."

Mwanangu, tangu hapo nimeigiza mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sasa sihitaji poda ili niwe nyanya. Sikujenga ghorofa kwa kazi hii. Lakini nikipita Kondele kuna watu wazima wanaoniita kwa majina ya wanawake niliowaigiza miaka mingi iliyopita, na ninaitika. Naipenda kazi hii. Ndiyo maana nasema na wewe.

Nimekuona ukiigiza, na nakuambia bila kukupaka mafuta kwamba una kipaji. Ukiinua mkono ukumbi unakufuata. Siku hizi mtu akichekesha kidogo simu zote zinainuliwa, na kabla hajafika nyumbani ameshatazamwa mpaka Nairobi, kwa hivyo najua jaribu lako ni kubwa kuliko langu. Usikatae makofi, ni matamu, nami bado nayapenda. Lakini kabla hujaongeza neno, kilio au kichekesho, jiulize ni nani ataacha kuonekana utakapokifanya. Jukwaani kuna mwenzako ambaye wakati huo ni wake. Kuna mtoto kule nyuma asiye na kitabu, na kwake yeye utakachofanya ndicho kilichoandikwa. Na kuna mtu fulani kati ya watu, mkimya, ambaye hajawahi kujiona popote, na leo zamu yake imefika. Usimfukuze.

Mheshimu pia anayekushikia kitabu, hata akikukera. Siku utakapomkosea, na utamkosea, usitume ujumbe kwa simu. Nenda kwa miguu yako, useme, na kama ulimkosea mbele ya watu, useme mbele ya watu.

Mungu akulinde, nyathina, mwanangu. Akupe pumzi ndefu na kikundi kisichoogopa kukuambia ukweli, akupe chakula kutokana na kazi ya mikono yako na ya sauti yako. Na akupe siku moja kama ile yangu, utoke jukwaani bila kupigiwa hata kofi moja, na nyuma yako watu wote wawe wanamtazama mwenzako.