Neno la Mkuu na Kipoyi cha Mama Faida

Siku ya usaili wangu, mkuu wa ofisi alinisukumia karatasi mezani, akaweka kidole juu ya neno moja la Kiingereza, akaniuliza maana yake: "opportune." Nilikuwa nimeomba kazi ya ukalimani katika shirika la misaada hapa Goma. Nikamjibu kwamba ni sifa ya jambo linalofika wakati wake hasa, kama mvua inayonyesha mara tu baada ya kupanda maharagwe. Kifaransa nacho kina ndugu yake, kwa hiyo halikunisumbua. "Umepita," akasema.

Nilichochelewa kukijua ni matumizi yake. Katika ripoti, msaada wetu ulikuwa "opportune" kila mara, hata kama ulifika watu wameshahama. Mdomoni mwa wakuu likageuka: wakati si "opportune." Ilikuwa hapana iliyovalishwa tai. Nami nilikuwa na ugonjwa wa wakalimani wa kwetu: kumpa mama wa watu hapana kavu usoni tunaona ni utovu wa adabu, basi tunailainisha. Wenyeji walinipenda kwa hilo, na mimi, mjinga, nikajisifu.

Asubuhi moja tulikuwa kijijini, mbali na barabara ya Rutshuru. Tulipotaka kuondoka, mwanamke mmoja wa hapo, Mama Faida, akasimama mbele ya gari. Binti yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Wanaume wanne walikuwa wameshafunga kipoyi, machela ya miti ya kubebea wagonjwa begani.

"Papa, uombe mukubwa wako atubebee mutoto mpaka hospitali. Kama anakatala, hawa batamubeba kwa miguu."

Nikatafsiri. Mkuu akatazama saa. Kanuni zilikataza kubeba raia bila kibali. "Waambie wakati si opportune."

Nikamgeukia mama. "Mungoje kidogo, mama. Motokari itarudia."

"Itarudia leo?"

"Mungoje tu."

Akashukuru. Wanaume wakashusha kipoyi, wakaanza kufungua kamba. Niliwaona, nikapanda gari.

Tulirudi siku ya tatu. Binti na kichanga chake walikuwa wameshazikwa. Mama Faida alikuwa amekaa mlangoni, na hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papa, ungesema hapana," akasema, "tungemubeba."

Mkuu akauliza anasema nini. Siku hiyo nilitafsiri neno kwa neno. Akaandika kitu katika daftari lake, tukaondoka.

Niliendelea na kazi hiyo miaka mingi, mpaka macho yalipokataa kusoma. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Mapendo hapa Goma, na vijana huja kujifunza Kiingereza wapate kazi kama yangu. Juzi mmoja alikutana na neno lile kitabuni.

"Papa, utupatie mufano."

Ule wa mvua ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza. Nikawaambia: asubuhi, njia kavu, wanaume wanne wenye nguvu, kipoyi kimeshafungwa. Wakaandika. Mimi bado nawaona wale wanaume wakifungua kamba.