Aliyebaki Mezani

Mukashyaka alipofika mji wa Buffalo, Marekani, na binti yake, mtu wa kwanza kumbishia hodi alikuwa Masumbuko, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutofika. Wote wawili walikuwa Wakongo kutoka upande mmoja, Fizi na milima yake. Lakini Masumbuko alikuwa Mbembe, na kaka yake aliuawa vitani na askari waliosema lugha ya kina Mukashyaka. Mukashyaka naye alikuwa Munyamulenge, mtu wa ng'ombe, na mumewe aliuawa kwa mapanga na vijana waliosema Kibembe. Kila mmoja aliyajua ya mwenzake. Hawakuyataja.

Masumbuko alikuja na koleo, akaondoa theluji kwenye ngazi za nyumba yao ya mbao, mtaa wa West Side, kisha akaingia ndani, akala. Alikuwa shemasi wa kanisa la Kiswahili lililokodi ukumbi chini ya kanisa la Wazungu. Alimwambia Mukashyaka, mbele ya binti yake Nadine, kwamba tangu siku hiyo ana kaka mjini.

Mukashyaka aliamini. Akaingia kwaya, akasugua sufuria za kanisa. Bulonza, mke wa shemasi, alipojifungua kwa shida, ni Mukashyaka aliyekesha naye hospitalini. Jumapili baada ya ibada walikula wote kwenye meza moja ndefu: bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala, na maziwa ya mgando aliyoyatengeneza Mukashyaka mwenyewe. Mwanzoni watu waliyanusa tu. Baadaye waliyagombea.

Jumatano Masumbuko alifundisha Biblia, na alikuwa na kipaji. Mwaka ule wa 2015 aliwafundisha habari za waumini wa kwanza. Akaeleza jinsi Wayahudi wa Antiokia walivyoketi kula na watu ambao baba zao wasingewagusa, na kwamba ni katika mji huo huo wafuasi walianza kuitwa Wakristo.

"Ile jina haikuzaliwa ku hekalu," alisema. "Ilizaliwa ku meza."

Kisha akawaeleza aibu ya Petro. Alikula na watu wa mataifa vizuri tu, mpaka walipofika wageni kutoka Yerusalemu. Hapo akaogopa, akainuka, akajitenga, na wengine wakamfuata.

Haukupita muda, wakaja wageni kutoka Louisville. Kanisa lilitaka kuwa chini ya Askofu Aganze wa huko, naye alikuja kumpima Masumbuko kabla ya kumwekea mikono awe mchungaji. Aganze alikuwa mzee mpole, aliyezika ndugu wengi katika vita ile ile ya huko Kongo. Walipoketi kula, alimiminiwa maziwa, akakishika kikombe, akauliza polepole yule mama aliyeyaleta ni wa wapi. Mtu akamnong'oneza. Askofu akakiweka kikombe chini bila kunywa.

Masumbuko alikuwa ameketi karibu na Mukashyaka, kama siku zote. Alibeba sahani yake, akahamia meza ya dirishani. Bulonza akamfuata, amempakata mtoto yule yule. Wakainuka wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaokimbia mvua na hawataki ionekane kwamba wanakimbia. Zenoni, Mrundi aliyelelewa kambini Tanzania, ambaye wote walimjua kwa kuwatia moyo wanyonge, alibaki kidogo akiutazama bugali wake. Akainuka naye.

Mukashyaka hakupaza sauti. "Shemasi, Petro alipoinuka pale Antiokia, hukutufundisha kama alirudi."

Askofu akauliza mama huyu ni nani kwao.

"Ni mugeni tu, Baba Askofu," Masumbuko akasema. "Anapitaka njia tu."

Hakuna aliyemfukuza. Gari la kanisa liliacha tu kupita mtaani kwake. Mazoezi ya kwaya yakahamishiwa siku nyingine, naye akapata habari yalipokwisha kufanyika. Akimpigia Bulonza, simu iliita hadi ikachoka. Masumbuko akawekewa mikono, na mahubiri yake ya kwanza yalihusu kuwapokea wageni. Nadine aliyasikiliza kwenye simu yake alipotoka kazini, kwenye ghala la Cheektowaga, nje kidogo ya mji. Akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yalikuwa mahubiri mazuri.

Zenoni alikuja alasiri moja na mfuko wa mchele. Mkewe alibaki garini, injini inanguruma.

"Mama Nadine, mimi moyoni sina shida nawe," alisema. "Unajua hivyo."

Mukashyaka akamwambia basi aketi, chakula kipo. Zenoni akaangalia nyuma, kwenye gari. Akasema atakuja siku nyingine, kisha akaomba mtu yeyote asijue kwamba alifika.

"Zenoni, kama unanipenda, nipende siku ya Jumapili."

Aliinamisha kichwa, akashuka ngazi. Siku nyingine hiyo haikufika.

Baridi ilipoisha, Nadine akapata kazi mji wa Columbus, ambako walikuwepo watu wa lugha yao. Waliondoka Jumapili. Njia yao ilipita mbele ya kanisa, na ngoma ilikuwa inasikika kutoka ukumbi wa chini. Nadine akasimama kwenye taa nyekundu ya barabarani, akauliza kama mama yake angependa kushuka awaage.

Mukashyaka akamwambia taa imeshakuwa ya kijani, waende.