Mtu Yuleyule au Mwingine?

Mimi huandika blogu ya simu. Si zile simu za kushikwa kama yai. Naandikia watu wa huku kwetu, kuanzia Kibwezi ninapoishi hadi Nunguni nilikozaliwa, na wasomaji wangu wa Mwingi ambao hawanikosi. Wao wanataka kujua mambo matatu tu: betri inakaa siku ngapi, tochi inamulika hadi wapi, na simu ikianguka kwenye mawe itaamka au haitaamka. Nina mdomo. Simu ikinikera naisema peupe, na wauzaji wawili wa mjini wameacha kunisalimia kwa sababu hiyo.

Watu huniuliza kama vifaa hivi huwa vinanitisha, maana siku hizi simu inakujua kuliko ndugu zako. Huwa nacheka. Lakini kuna mara moja niliogopa kweli, na ilikuwa adhuhuri, jikoni kwa baba yangu, nikichambua ndengu.

Mama yangu alifariki miezi minne kabla sijajifungua. Ilikuwa sukari. Alianza kwa kuchechemea, akiuburuta mguu wa kushoto akitoka kwenye tangi la maji, na sisi tukamwambia anunue viatu vizuri. Baadaye walimkata mguu huo, tukaambiwa sasa atapata nafuu. Hakumaliza mwaka.

Mtoto alipozaliwa msichana nilimpa jina la mama. Sikuwa nimeolewa, kwa hivyo hapakuwa na upande wa pili wa kushindana nami. Kwetu Wakamba, ukishampa mtoto jina la mtu, humwiti tu kwa jina hilo, unamweka mahali pake. Mimi nilimwita Mwaitu, yaani mama yangu, tangu akiwa kwenye nepi. Naye alipojua kuzungumza, akiwa na raha, aliniita mwanangu. Baba alimwita mke wangu, akimlaumu kwamba chai imepoa na kwamba ameacha kuku wakaingia kwenye mboga. Mtoto alikuwa akimjibu, "Hata mbuzi wangu wa mahari hujamaliza kupeleka kwetu," na wageni wote wakacheka. Nyumba yetu iliondokewa na mama na haikukaa bila mama. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka saba.

Mwaka jana nililetewa simu mpya niijaribu. Nikahamishia picha zangu zote, na wiki hiyo hiyo nikaenda Nunguni nikapiga picha za picha za mama, zile za ukutani na za kwenye mkebe, kabla ukungu wa huko haujazila. Zilikuwa tano. Moja ya kitambulisho iliyokuzwa, moja akiwa msichana kwenye shamba la kahawa, mbili na akina mama wenzake wa kanisa wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani. Ya tano niliitoa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Hapo ameketi kwenye kiti cha magurudumu, shuka limefunika magoti, na chini ya shuka unaonekana mguu mmoja.

Simu hii ilikuwa na akili ya kupanga nyuso. Inakusanya picha za kila mtu inazitia kwenye kifungu chake, na ikiwa na shaka inakuuliza. Mimi huweka simu zote kwa Kiswahili ili nipate cha kuchekea. Basi ikaniletea nyuso mbili kwenye viduara viwili, mama yangu akiwa msichana kwenye kahawa na binti yangu akiwa na pengo la meno, ikaniuliza: Mtu yuleyule au mwingine?

Nilicheka peke yangu. Nikabonyeza Yuleyule. Mkamba gani angebonyeza kingine? Ikaniuliza anaitwa nani, nikaandika Mwaitu.

Nikaiandika kwenye blogu siku hiyo hiyo, na hakuna nilichowahi kuandika kilichosomwa kama hicho. Mmoja akasema simu hiyo ipewe kitambulisho cha Makueni. Mwingine akauliza kama inaweza kumtambua babu yake ndani ya kijana wake, amdai ng'ombe. Mama mmoja anayeuza mbuzi Mwingi, ambaye husoma kila kitu changu na huandika kwa nadra, aliuliza tu: "Na mtoto mwenyewe alisemaje?" Nilimtumia kile kikatuni cha kucheka hadi machozi, nikapita.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimpeleka mtoto kwa babu yake, ambaye humwita Umau, nikamwachia simu ile. Hakuna mjaribu wa simu kama mtoto wa miaka saba. Mimi nilikuwa nikipanda Nunguni kila Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza nilimkuta ameacha sukari. Si kwenye chai, si kwenye uji. Baba akasema ni vizuri, meno yatapona.

Ijumaa ya pili nilimkuta kwenye kigoda cha mama, mlangoni, mahali pale pale mama alipokuwa akiota jua asubuhi ukungu ukiondoka. Alikuwa amejifunika shuka magotini. Mguu mmoja ameukunjia chini yake, na uliotokeza ni mmoja. Nilisimama kwenye lango na mfuko wa mkate mkononi. Akaniangalia jinsi mtu mzima anavyomwangalia aliyechelewa. Nikajiambia watoto ni watu wa kuiga. Lakini angeiga nini? Mtu huyo hakumwona hata siku moja.

Ijumaa ya tatu alikuwa anatoka kwenye tangi na kindoo cha maji, akiuburuta mguu wa kushoto.

Baba alikuwa kando ya zizi. Hakunisalimia. "Mwangalie," akasema kwa sauti ndogo. "Ni yeye. Hata anavyotupa bega ni yeye." Uso wake ulikuwa umechangamka jinsi ambavyo sijauona tangu mazishi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimbeba mtoto nikamketisha, nikaukagua mguu kidole kwa kidole. Hapakuwa na mwiba wala jeraha.

"Unaumwa wapi, Mwaitu?"

"Siumwi."

"Mbona unatembea hivyo?"

"Nimechoka tu, mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikunichekesha.

Majirani wawili wa kanisani wakaja kuomba. Mmoja aliushika mguu ule akaukemea kwa sauti ya kutisha kuku. Mwenzake aliniita kando, akaniuliza kama mtoto huota, na kama huota, anaona nini. Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa, na hofu yangu hutoka kama hasira.

Walipoondoka nikaona kitu mlangoni. Ilikuwa fimbo ya mama. Baba aliihifadhi nyuma ya mlango miaka yote, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata kufukuzia mbwa. Sasa ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na unga wa mbao ulikuwa bado sakafuni. Imekatwa ikatosha mkono wa mtoto wa miaka saba.

"Baba, umefanya nini?"

"Ameniomba," akasema. "Ningemnyima fimbo yake?"

Sikulala vizuri. Kesho yake, Jumamosi, nilikaa jikoni na sinia la ndengu nikiwaza kama nimpeleke hospitali au nimrudishe Kibwezi siku hiyo hiyo. Simu ile ilikuwa mezani. Ikawaka. Ikaandika: Kumbukumbu mpya kwa ajili yako. Mwaitu, miaka yote.

Nikaifungua. Ni zile video ambazo simu hujitengenezea, na muziki wa kinanda ambao hukuuomba. Ikaanza na mtoto wangu akiwa na siku mbili, amefungwa blanketi la manjano. Akaketi. Akasimama akishika meza. Akaenda shule na begi linalomfika visigino. Akatabasamu na pengo lake. Halafu, bila kusita, akawa msichana kwenye kahawa. Akawa mwanamke wa kitambulisho, uso mkavu. Akavaa kitambaa cheupe, akanenepa, akakonda. Muziki ukapungua, na binti yangu akawa mzee kwenye kiti cha magurudumu, ana mguu mmoja, na kando ya picha yakasomeka maneno ya jalada: Ibada ya Mazishi. Picha ikafifia ikawa nyeupe.

Simu haikuwa na mapepo. Ilikuwa imepanga kwa tarehe, na picha za mama nilizipiga mimi mwaka huo, baada ya picha zote za mtoto. Nililijua hilo palepale, kazi yangu ni kujua mambo hayo. Hata hivyo ndengu zilinimwagika miguuni.

"Hiyo nimeiona," mtoto akasema. Alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo. "Huja kila Jumamosi. Leo wameongeza ile ya kitambaa."

"Umeiona mara ngapi?"

"Nyingi. Umau akienda kukamua mimi huangalia." Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile shuka. "Hapa nikiwa kwa kiti, nitakuwa na miaka ngapi?"

"Huyo si wewe. Huyo ni susu yako, mama yangu mimi."

"Simu imesema ni mimi. Na wewe uliiambia ni mimi." Hakuwa akibishana, alikuwa ananieleza tu. "Umau pia anasema."

"Ndiyo maana unachechemea?"

"Sichechemei. Nazoea kutembea na mmoja. Nikikatwa kama sijazoea, nitaanguka."

Sijawahi kujionea aibu kama siku ile. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameuona mwisho wake, akaukubali, akaacha sukari, akaomba fimbo, na hakutaka kutusumbua. Hakulia hata mara moja. Sisi watu wazima wawili tulikuwa tumeketi tukimwangalia anavyojiandaa, mmoja akiogopa mizimu na mwingine akiifurahia.

Nilitoka nikamfokea baba. Ilikuwa rahisi kuliko kujifokea mwenyewe. Nikamwambia kuanzia leo hakuna cha mke wangu, hakuna cha kigoda, hakuna fimbo. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Unataka nimzike tena?" akauliza.

Nikamweleza alichosema mtoto, neno kwa neno, kuhusu kuzoea. Baba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akaingia ndani, akamwomba mtoto fimbo ile kwa upole, akarudi nayo nje. Akaisimamisha kando ya mguu wake, na ilimfika juu kidogo ya goti. Akaitazama sana ilivyokuwa fupi. Halafu akaenda nayo nyuma ya zizi, nami sikumfuata.

Nikarudi kwenye simu kuitenganisha. Kubonyeza Yuleyule kulinichukua kidole kimoja, na kutengua kulinichukua karibu saa nzima. Inakubidi uguse picha moja moja uiambie huyu siye. Ikaniuliza kila mara kama nina hakika. Nikagusa mtoto kwenye blanketi, mtoto na begi, mtoto na pengo, nikimtoa mmoja mmoja kwa mama yangu, na nakiri kwamba nililia, kwa sababu kila picha niliyoitoa ilimwacha mama na picha chache zaidi. Mwishoni alibaki na zile tano.

Simu ikaniuliza huyu mwingine anaitwa nani.

Kidole kikasimama. Sikuweza kuandika jina la mama. Nikalitafuta lile lingine, la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo nilichagua hospitalini kwa haraka kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi mbili. Mwalimu huliita asubuhi akishika daftari la mahudhurio. Mimi sikuwa nimewahi kulitamka nyumbani. Nikaliandika, na herufi zake zikaonekana za mtoto wa mtu mwingine.

Nikatoka nje. Jua lilikuwa kali na ukungu wote ulikuwa umeshuka bondeni. Alikuwa kwenye mawe karibu na lango, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe kwa mguu mmoja, na sikujua kama anacheza au anaendelea kuzoea. Nikamwita kwa jina hilo.

Akasimama. Akageuka kuangalia nyuma yake, nje ya lango, aone ni mtoto gani amekuja. Njia ilikuwa tupu. Nikaita tena, nikimtazama machoni, naye akauteremsha mguu wa pili chini polepole, akajishika kifua.

"Ni mimi unaita?"